Ukaguzi wa Taarifa za Mikopo katika Upangaji wa Nyumba (Marekani)

Ukaguzi wa taarifa za mikopo ni uchunguzi wa historia ya madeni ya mtu anayeomba kupanga nyumba, unaofanywa na mwenye nyumba au wakala wake kabla ya mkataba kutiwa saini. Katika miji ya Marekani umekuwa jambo la kawaida. Matokeo yake huamua kama mwombaji atakubaliwa, ataongezewa masharti au atakataliwa.

Historia

Biashara ya kuuza taarifa za wadaiwa ilianzia madukani. Mwaka 1899 ndugu wawili, Cator na Guy Woolford, walianzisha Retail Credit Company mjini Atlanta, wakawa wanakusanya majina ya wateja na sifa zao za kulipa na kuwauzia wafanyabiashara. Kufikia miaka ya 1960 kampuni hiyo ilikuwa na mafaili ya mamilioni ya watu. Mengine yalijaa umbea wa aibu kuhusu ulevi, ndoa na mwenendo wa mtu, na mhusika hakuwa na haki ya kuliona faili lake. Malalamiko yalifika Bunge la Marekani, na mwaka 1970 ikapitishwa sheria ya kusimamia taarifa hizo. Mwaka 1975 kampuni ilibadili jina ikawa Equifax. Hiyo pamoja na Experian na TransUnion ndizo kampuni tatu kubwa zinazotunza taarifa za mikopo nchini humo. Mwaka 2017 wadukuzi waliiba kwa Equifax taarifa za watu wapatao milioni 147.

Alama ya FICO, namba inayojumlisha historia ya mikopo ya mtu kuanzia 300 hadi 850, ilitolewa mwaka 1989 na kampuni iliyoanzishwa na William Fair na Earl Isaac mwaka 1956.

Utaratibu na vigezo

Mwombaji hujaza fomu, hutoa namba yake ya hifadhi ya jamii na kulipa ada. Katika jimbo la New York ada ya ukaguzi haitakiwi kuzidi dola 20 tangu 2019. Ripoti huonyesha kadi za mikopo, mikopo ya magari na masomo, na madeni yaliyokabidhiwa kwa wakusanya madeni. Taarifa mbaya hukaa kwa kawaida miaka 7, na kufilisika hadi miaka 10.

Hakuna alama moja ya kufaulu. Kila mwenye nyumba huweka kiwango chake. Mjini New York wengi hutaka pia kipato cha mwaka kiwe mara 40 ya kodi ya mwezi. Kwa nyumba ya dola 2,000 hizo ni dola 80,000. Mdhamini hutakiwa awe na kipato cha mara 80.

Upungufu mkubwa wa ukaguzi huu ni kwamba kodi yenyewe mara nyingi haimo katika ripoti, kwa kuwa wenye nyumba wengi hawapeleki kumbukumbu za malipo. Mpangaji aliyelipa kwa uaminifu miaka kumi anaweza kukosa alama, ilhali uaminifu huo ndio mwenye nyumba anaoutafuta.

Haki za mwombaji

Anayekataliwa, au kudaiwa amana kubwa zaidi kwa sababu ya ripoti, lazima ajulishwe na kutajiwa kampuni iliyoitoa. Ana siku 60 za kuomba nakala bila malipo. Akipinga kosa, kampuni hulichunguza kwa kawaida ndani ya siku 30.

Wageni na wakimbizi

Wahamiaji hufika bila faili lolote, kama walivyofika Wakongo waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania. Kwa wakimbizi, nyumba ya kwanza mara nyingi ilitafutwa na shirika lililowapokea. Shida huanza mhamiaji anapotaka kuhama. Hati za mshahara, mdhamini na barua ya mwenye nyumba wa awali husaidia. Kuongeza amana si njia kila mahali: New York na, tangu Julai 2024, California kwa kawaida huruhusu amana ya mwezi mmoja tu.

Afrika Mashariki

Kenya na Tanzania zina taasisi za taarifa za mikopo, lakini hutumiwa zaidi na wakopeshaji. Wenye nyumba hutegemea kodi ya kulipwa mbele.

Ushauri

Ripoti za kampuni zote tatu hupatikana bila malipo kila wiki. Anayetafuta nyumba azisome kabla ya kulipa ada ya maombi, kwani kosa lililosahihishwa mapema halimnyimi mtu makazi.