Ufasiri wa Maandiko na Vibarua wa Industrial Area

Kazi ya kuichambua ibara ya Maandiko Matakatifu mpaka muradi wa mwandishi wake ubainike, kazi ambayo Wayunani waliipa jina lenye asili ya kuongoza kitu kitoke nje, imepata katika Kiswahili majina kadha wa kadha, kwani wapo waandikao eksejesia, wapo wasemao ufafanuzi, na wapo watoshekao na tafsiri. Mimi nalichagua neno ufasiri, tena nalichagua kwa ajili ya mhubiri ambaye, baada ya kazi za juma zima, ana jioni chache tu za kutafakari fungu la Jumapili.

Tafsiri kwa asili yake ya Kiarabu ni kubainisha maana, na hata leo darsa za tafsiri zinazosomwa misikitini Lamu na Mombasa katika mwezi wa Ramadhani hazikusudii kugeuza lugha tu bali kufunua yaliyomo ndani ya aya. Kadhalika kazi ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, iliitwa tafsiri kwa maana hiyo hiyo pana. Walakini miongoni mwa Wakristo, tangu siku za Askofu Edward Steere wa Unguja mpaka kutoka kwa Biblia ya Union Version mwaka 1952, neno hilo lilielemea upande wa tarjuma, hata msomaji akiambiwa tafsiri huwaza mara moja kitabu kilichotolewa katika lugha nyingine. Ufafanuzi nao umekuwa mpana mno, kwa kuwa kila msemaji wa serikali huutoa kila siku. Na eksejesia, ingawa ina haki yake vyuoni, humwacha nje mzee wa kanisa asiyepata kusoma chuo cha theolojia, ilhali ndiye mara nyingi asimamaye mimbarani. Ufasiri ni wa shina lile lile la tafsiri, lakini haujachoshwa na matumizi, na kitenzi chake, kufasiri, kila mtu anakijua.

Ili maana yake ionekane kwa vitendo, na tuutazame mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20:1-16, ambao kwa utaratibu wa masomo ulioanza katika Kanisa Katoliki mwaka 1969 husomwa Jumapili ya 25 ya Mwaka A, kama ilivyokuwa tarehe 24 Septemba 2023. Katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizitanguliza katika mipango yao ya miaka ya 1970, Injili ya Jumapili ijayo husomwa kwanza nyumbani kwa mwanajumuiya, na kila mtu huambiwa aseme lililomgusa. Jumuiya ikiwa ya Mukuru kwa Njenga au Mukuru kwa Reuben, miongoni mwa wasikilizaji watakuwamo watu ambao alfajiri ile ile walitembea kwa miguu mpaka Industrial Area ya Nairobi, katika barabara zenye majina ya pwani, Likoni, Lunga Lunga, Changamwe, wakasimama mbele ya lango la kiwanda wakingoja msimamizi atoke achague. Hao hawana haja ya kuelezwa mtu asiyeajiriwa hujisikiaje jua likishapita utosini. Neno lenyewe tunalowaita, kibarua, lilikuwa hapo zamani ile hati ndogo aliyopewa mfanya kazi wa kutwa iwe ushahidi wa siku yake.

Hapa lugha yetu humsaidia mfasiri kwa namna ambayo vitabu vya Kiingereza, ambavyo wahubiri wengi wa Nairobi hutayarishia hata mahubiri ya Kiswahili, haviwezi. Mwenye shamba hutoka saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja; Mwingereza hana budi kuzigeuza saa hizo au kuziwekea tanbihi, bali kwetu ndizo saa tuzihesabuzo, na kila mtu hufahamu papo hapo kwamba aliyeajiriwa saa kumi na moja amebakiwa na saa moja tu. Dinari ilikuwa ujira wa kawaida wa kutwa, na kulipwa jioni ile ile ilikuwa amri ya Torati, Kumbukumbu la Torati 24:15, kwa sababu maskini huitazamia fedha hiyo. Na pale yule aliyeajiriwa mapema, anayenung'unika kwa kuwa wote wamelipwa dinari moja moja, anapoulizwa juu ya ubaya wa jicho lake, Mswahili anayejua kijicho ni nini ameshafika. Ila mhubiri ajihadhari, kwani yamkini wapo watakaodhani yanasemwa mambo ya uchawi, na mwandishi hakukusudia hivyo.

Kinyume cha ufasiri ni kupachika, yaani kuingia katika ibara na maana uliyokwisha kuifunga nyumbani. Mhubiri mmoja atapachika kwamba mwajiri hahojiwi, na kwamba anayelipwa kidogo anyamaze. Hilo ni dhuluma kwa maneno matakatifu na kwa watu wanaoyasikiliza. Mfano huu ni jibu kwa Petro, ambaye katika sura ya 19 aliuliza wao walioacha vyote watapata nini, na mwenye shamba hakumpunguzia mtu hata senti, bali alimpa wa mwisho chakula cha siku nzima.

Lipo pia jambo ambalo Kiswahili hakikulionyesha. Mwenye shamba humwita mlalamikaji rafiki, na Union Version hutumia neno hilo hilo pale Yesu anapowaita wanafunzi rafiki zake katika Yohana 15; lakini katika Kiyunani ni maneno mawili mbalimbali. Lile la shambani, hetairos, huwa kama kumwita mtu mwenzangu, nalo katika Mathayo hutumiwa kuitia watu mara tatu: kwa huyu, kwa yule aliyeingia arusini bila vazi la arusi, na kwa Yuda bustanini. Wote watatu wamekosea, na wote watatu wanasemeshwa kwa upole kabla ya lolote jingine. Tarjuma pekee haiwezi kulibeba hilo. Ni juu ya mfasiri kulieleza kwa sentensi moja au mbili siku ya Jumapili, kisha aendelee na fungu lake.