Marubani wa mkataba katika anga ya Kongo: nani anajibu kwa bomu lililoanguka?

Kila mara ndege ya vita inapopita juu yetu, swali ni lile lile: hii ni ya nani? Katika historia ya nchi yetu swali hilo limekuwa gumu kujibiwa. Mara nyingi ndege ilichorwa bendera moja, ikalipiwa na mwingine, na mtu aliyeiendesha alitoka nchi ya tatu. Hakuwa askari wa nchi yake. Alikuwa na mkataba: miezi kadhaa ya kazi, mshahara, halafu kurudi nyumbani.

Leo tunaangalia marubani hao wa kukodiwa, kwa sababu wazee wetu walikimbia chini ya ndege zao, na kwa sababu kuna jambo moja ambalo historia hiyo inatufundisha sisi tunaokimbia leo.

Katanga, 1961

Uhuru ulipatikana tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 mwezi wa saba, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Katanga ilikuwa na fedha, kwa sababu kodi ya kampuni ya migodi, Union Minière, iliingia katika sanduku lake. Haikuwa na marubani wake wa vita. Ikawanunua nje, hasa Wabelgiji na Wazungu wengine.

Mwezi wa pili 1961 zilifika ndege tatu za jeti aina ya Fouga Magister, zilizotengenezwa Ufaransa. Hazikuwa ndege kubwa. Zilitengenezwa kwa kufundishia marubani wanafunzi, watu wawili tu ndani, lakini zilifungwa silaha. Kufika mwezi wa tisa ni moja tu iliyokuwa bado inaruka.

Moja hiyo ilitosha. Tarehe 13 mwezi wa tisa 1961 askari wa ONU walianza operesheni ya kuwaondoa mamluki Katanga. Wakati ule ONU haikuwa na ndege ya kivita hata moja Kongo. Fouga ile ikapiga magari, ikapiga ndege za ONU zilizokuwa zimesimama uwanjani, ikawapiga askari wa Ireland waliozungukwa Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Waairishi wale, watu kama 150, walipigana siku tano mpaka risasi na maji vikawaishia, wakajisalimisha. Kwa hiyo rubani mmoja mwenye mkataba, katika ndege ya shule, aliweza kusumbua jeshi la mataifa mengi.

Dunia ilijifunza haraka. Baada ya mwezi mmoja Ethiopia, Sweden na India walikuwa wameleta ndege zao za vita kuisaidia ONU. Mwisho wa 1962 jeti za Sweden ziliharibu ndege za Katanga zikiwa chini Kolwezi, na mwezi wa kwanza 1963 kujitenga kukaisha. Marubani wa kukodiwa wakafunga mizigo yao. Wananchi wa Katanga ndio waliobaki kuzika watu wao.

Mashahidi wa Ndola

Katika siku zile zile za Jadotville likatokea jambo ambalo halijaisha mpaka leo. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 mwezi wa tisa 1961, Katibu Mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, alikuwa njiani kwenda kukutana na Tshombe Ndola, ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Ndege yake ilianguka msituni karibu na uwanja. Walikuwa watu 16. Wote walikufa, mmoja wao baada ya siku chache hospitalini.

Serikali ya Wazungu wa Rhodesia ilifanya uchunguzi ikasema ni kosa la marubani, walishuka chini mno. Lakini karibu na pale walikuwapo wachoma makaa, Waafrika waliolala msituni wakilinda tanuri zao. Baadhi yao walisema waliona ndege ya pili angani, wengine waliona mwanga na moto kabla ya ndege kuanguka. Maneno yao yaliwekwa pembeni. Walionekana watu wasiojua ndege.

Miaka mingi ilipita. Watafiti walirudi Ndola wakawakuta baadhi ya mashahidi wakiwa wazee, bado wanakumbuka. Maneno yao yakaingia katika kazi ya majaji waliotoa ripoti mwaka 2013. Kisha mwaka 2015 ONU yenyewe iliunda jopo, na aliyewekwa kuliongoza ni Mtanzania, Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa nchi yake. Katika ripoti ya 2017 alisema inawezekana kwamba ndege ilianguka kwa sababu ya kushambuliwa au kutishwa kutoka nje, na kwamba kuna nchi ambazo hazijafungua mafaili yao yote. Hakusema imethibitika, wala sisi hatusemi hivyo. Lakini angalia ni nani waliozuia kesi hii isifungwe: wachoma makaa, waliosema walichokiona na hawakubadilisha.

Wakuba juu, Wakuba chini

Sasa tuje kwetu mashariki. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliteka Uvira, Fizi, Albertville ambayo ni Kalemie ya leo, na mwezi wa nane wakaingia Stanleyville, yaani Kisangani. Wapiganaji walinyunyiziwa dawa na kuambiwa kwamba risasi zitageuka maji. Jeshi la serikali lilikuwa linakimbia. Kilichobadilisha vita, pamoja na mamluki wa barabarani, ni ndege.

Marekani ndiyo iliyotoa ndege: T-28, nayo ni ndege ya kufundishia iliyofungwa bunduki na roketi, kisha B-26, ambayo ni kubwa zaidi na hubeba mabomu. Lakini Marekani haikutaka raia wake waonekane wakipiga Kongo. Mwezi wa sita 1964 habari zilitoka kwamba Wamarekani wamerusha T-28 katika vita vya Kivu. Serikali yao ilikana kwanza, halafu ikakubali: ndiyo, ni raia wenye mkataba na serikali ya Kongo.

Baada ya hapo kazi hiyo ilibaki kwa Wakuba. Hao walikuwa watu waliokimbia nchi yao baada ya Fidel Castro kuchukua madaraka. Baadhi yao walikwisha kufanya kazi na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, katika shambulio la 1961 la kumwondoa Castro, shambulio lililoshindwa. Walikuwa marubani bila nchi. CIA iliwaajiri kupitia kampuni, na ndege zao zilitengenezwa na mafundi kutoka Ulaya waliokuwa chini ya kampuni nyingine, WIGMO, iliyoandikishwa Liechtenstein, nchi ndogo sana ya Ulaya. Juu ya bawa, alama ilikuwa ya Kongo. Hapa tunaona vizuri mkataba unafanya nini. Unaweka karatasi nyingi kati ya anayetoa amri na anayepigwa bomu, mpaka yule wa chini hajui mlango gani abishe.

Halafu mwezi wa nne 1965 Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akafika Kibamba upande wa Fizi, akiwa na Wakuba wa Castro waliokuja kuwasaidia Wasimba. Wakuba wakawa pande mbili za vita ya Wakongomani: wengine juu katika ndege zilizoruka kutoka Albertville, wengine chini katika milima ya Fizi. Walikuwa wanamalizia kwetu ugomvi ulioanza kwao. Mwishoni mwa mwezi wa tisa mamluki wa Mike Hoare walishuka kutoka ziwani karibu na Baraka, ndege za Wakuba zikiwasaidia. Mwezi wa kumi na moja Che aliondoka na watu wake. Marubani nao walimaliza mikataba yao.

Familia za Fizi hazikuwa na mkataba wa kumaliza. Wako waliojificha milimani, wako waliovuka kwa mitumbwi kwenda Kigoma, na wako wajukuu wao wanaovuka tena kwa njia ile ile.

Kutoka Kisangani mpaka Walikale

Mobutu alirudia dawa hiyo alipokuwa anaanguka. Mwanzoni mwa 1997 alikodi mamluki Kisangani, wengi wao Waserbia, pamoja na helikopta na ndege. Mwezi wa pili mwaka huo mabomu ya ndege za serikali yaliangukia Bukavu, na raia wakafa. Tarehe 15 mwezi wa tatu AFDL ikaingia Kisangani. Mamluki walikuwa wanaondoka.

Baada ya hapo tulizoea rubani wa namna nyingine: Mrusi au Mukraine mwenye Antonov ya zamani, anayebeba askari leo, madini kesho, na raia juu ya magunia. Watu wa Walikale wanakumbuka ndege zilizotua barabarani pale Kilambo kuchukua mawe ya Bisie. Tarehe 8 mwezi wa tano 1903 hatukuwapo, lakini tarehe hiyo mwaka 2003 wengi wetu tunaikumbuka: Ilyushin ya kukodiwa kutoka Ukraine ilikuwa inatoka Kinshasa kwenda Lubumbashi imejaa askari, polisi na familia zao, mlango wa nyuma ukafunguka angani. Watu wakatupwa nje. Marubani walifaulu kuirudisha ndege Kinshasa.

Lazima tuseme haki pia: si kila rubani wa mkataba ni mpiganaji. Unga na dawa vinavyofika mahali ambapo barabara imekatwa, mara nyingi vinaletwa na rubani wa kukodiwa, na wako waliokufa katika kazi hiyo.

Sheria ina matundu

Afrika ilipitisha mkataba wake dhidi ya mamluki Libreville mwaka 1977, na ONU ikapitisha wake mwaka 1989. Lakini katika sheria za vita, mtu anaitwa mamluki ikiwa tu masharti yote yametimia kwa pamoja: ameajiriwa kupigana, anapigana kweli, anafuata fedha nyingi kuliko askari wa kawaida, si raia wala mkaaji wa nchi zinazopigana, hayumo katika jeshi lao, na hakutumwa rasmi na nchi nyingine. Mvalishe rubani sare ya jeshi la nchi, sharti moja limeanguka. Mwite mwalimu au fundi, la pili limeanguka. Jina limebadilika, bomu ni lile lile.

Lakini kuna jambo ambalo karatasi haiwezi kulibadilisha. Hata kama rubani hakuwa mamluki kwa sheria, kupiga raia kwa makusudi ni uhalifu wa kivita, na uhalifu wa kivita hauozi kwa miaka. Ili siku moja mtu aulizwe, lazima awepo aliyeona.

Kwa hiyo, ndugu, kama umeona, weka kumbukumbu: tarehe na saa, kijiji, ndege ilitoka upande gani na ikaenda upande gani, ilikuwa jeti, helikopta au ya panga, rangi na alama zake, majina ya waliokufa. Usiongeze usichokiona. Usiandike mahali ambapo karatasi itakuletea hatari. Mwambie mtu mzima wa familia unayemwamini, ili mkumbuke wawili. Na usiguse vipande vya bomu, hata kama vimepoa.

Wachoma makaa wa Ndola hawakujua jina la ndege waliyoiona. Walijua tu walichokiona, na zaidi ya miaka hamsini baadaye jaji alikaa akasoma maneno yao.