Makaburi ya Wazee Katika Uwanda wa Basotu

Vyuo vikuu vingi duniani vina bustani za mimea, na katika bustani hizo huwekwa kazi za sanaa na kumbukumbu za watu wenye sifa. Sanamu husimama kivulini, jiwe lenye jina huwekwa chini ya mti, na apitaye husoma akajua nani anakumbukwa na kwa sababu gani. Ukuta huizunguka bustani, na mlinzi hukaa langoni. Lakini si kila watu huandika kumbukumbu zao kwa wino, wala si kila bustani ina ukuta.

Wadatoga, ambao majirani huwaita Wamang'ati, wanaishi katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Ukoo wao mkubwa kuliko yote, Wabarabaig, umeenea kuzunguka mlima Hanang, wenye urefu wa mita zipatazo 3,400. Watu hawa ni wafugaji, na kumbukumbu zao wamezijenga katika malisho yenyewe. Mzee aliyeishi kwa heshima, akaacha watoto, mifugo na jina jema, hufanyiwa mazishi yaitwayo bung'eda. Mara chache heshima hiyo hupewa mwanamke pia. Juu ya kaburi hujengwa kichuguu kirefu cha udongo na miti, kazi ya mikono ya wanawe, ukoo wake na majirani. Ibada huendelea kwa muda wa miezi ipatayo 9, watu wakikusanyika, pombe ya asali ikinyweka, na sifa za marehemu zikiimbwa. Hii ni sanaa kamili: ina umbo, ina kanuni na ina waamuzi, maana si kila afaye huhesabiwa kustahili.

Udongo haudumu kama shaba. Miaka ikipita mvua hukila kichuguu, majani humea juu yake, na mgeni haoni ila mwinuko mdogo katika mbuga. Hata hivyo kumbukumbu haifi. Ukoo unapajua mahali, huparudia kwa sadaka na maombi, na nyimbo hulitunza jina. Mlinzi wa kaburi ni elimu ya walio hai. Basi elimu hiyo ndiyo ukuta wake, na udhaifu wake ndio huo: humzuia ajuaye tu.

Udhaifu huo ulidhihirika katika uwanda wa Basotu. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, Tanzania ikisaidiwa na Kanada ilianza kulima ngano huko kwa mashine. Shirika la umma la kilimo, NAFCO, lilipanua kazi hiyo hata kufikia mashamba 7, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Nia haikuwa mbaya. Taifa changa lilitaka kula mkate wa jasho lake, na kwa miaka kadhaa mashamba hayo yalitoa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini. Lakini ardhi iliyochaguliwa ilikuwa na rutuba kupita nyingine, nayo ndiyo iliyokuwa malisho bora ya Wabarabaig, waliyoyaita muhajega. Waliohesabu ekari waliona uwanda mtupu. Trekta zikapita juu ya malisho, na zikapita juu ya makaburi. Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, mwenyeji akahamishwa, na wafu wake wakalimwa.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki; mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikiona kwamba kijiji hakikuthibitisha kugawiwa ardhi ile kisheria, na kwamba ushahidi wa haki ya kimila haukutosha. Sheria ilitafuta hati. Hati za Wabarabaig zilikuwa vichuguu, nyimbo na nasaba, na vichuguu vingine vilikuwa vimekwisha kulimwa. Baadaye Kanada ilijitoa, shirika likaacha kilimo hicho, na sehemu ya mashamba ikarudishwa vijijini. Ardhi hurudishwa, lakini kaburi lililosawazishwa halirudi katika umbo lake.

Katika Kiswahili neno ngano lina maana mbili: nafaka na hadithi ya kale. Huko Basotu ngano ya kwanza ilipandwa juu ya ngano ya pili. Hakuna aliyelazimika kuchagua moja na kuiangamiza nyingine. Kama wazee wangeulizwa kabla ya jembe kushuka, wangeweza kuonyesha kila kaburi lilipo, na shamba lingeweza kulizunguka, kama njia ya bustani inavyoizunguka sanamu. Msomi apitaye Hanang leo asitarajie kuona jina juu ya jiwe. Kabla ya kuandika katika daftari lake kwamba mahali ni patupu, na amuulize mwenyeji.