Mapigo, Sauti na Ufundi: Kutoka Njia ya Misafara hadi Singeli

Miongoni mwa mabishano yanayohusu utamaduni wa taifa letu, mojawapo ni lile la singeli. Wazee wengi, na hata wanamuziki waliobobea katika gitaa na tarumbeta, husema kwamba muziki huo utengenezwao kwa kompyuta hauna sauti ya kuimbika wala hauhitaji ufundi. Kwamba ni mapigo matupu yakimbiayo, mara nyingi kupita 200 kwa dakika. Shutuma hiyo ni nzito, kwani aambiwaye hana ufundi huambiwa pia kwamba hana fungu katika urithi wa taifa. Kwa hiyo yafaa kuipima kwa historia, na Unyamwezi una historia ya kutosha.

Usoke leo ni kituo cha reli ya kati, magharibi ya Tabora katika njia ya Kigoma. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, nchi hiyo ilipitiwa na misafara iendayo Ujiji na irudiyo pwani. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya kadiri ya frasila 2 kila mmoja, tena kwa miezi. Nao waliimba: mmoja akianza, kundi likipokea, na maneno machache yakirudiwa tena na tena. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika katika kitabu chake cha 1860 kwamba watu wa bara aliowapitia huunga maneno machache yasiyo na maana wala vina, wakayarudia mpaka yakachefua. Lakini mtu huyo huyo, ambaye hakuwa mwepesi wa kumsifu Mwafrika, alikiri kwamba katika kushika mapigo walikuwa hodari sana. Hakutambua kwamba lawama yake na sifa yake zilihusu jambo moja. Wimbo wa safari haukutungwa ili mtu aketi ausikilize. Ulitungwa ili mamia ya miguu ikanyage pamoja chini ya mzigo, na kazi hiyo haifanyiki pasipo kurudia.

Tusiishie hapo, maana mapigo peke yake hayakutosha hata zamani. Kwa Wasukuma, jirani na ndugu wa Wanyamwezi, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilitokana na ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha. Vyama hivyo hushindana katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule avutaye watu wengi (dawa nazo husemwa zina sehemu yake). Manju asiye na maneno mapya, hata ngoma zake zilie namna gani, watu humhama.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere, akiunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wengi walijua rumba na twist kuliko ngoma za kwao. Hata hivyo dansi ya magitaa, iliyopigwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, imekuwa fahari ya Tabora.

Singeli ilizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale. Ilirithi mchiriku, uliopigwa kwa vinanda vidogo vya Casio, ikachukua na vipande vya taarabu na kuvikimbiza. Mwaka 2017 mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliotoka studio ya Mburahati, ulitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na Ulaya ikashangaa. Mshangao wa Ulaya, kama ilivyokuwa karaha ya Burton, si kipimo chetu. Wapo wakimbizao tu kazi ya mwingine, na kwao lawama ya wazee ni ya haki. Lakini fundi akatae kipande cha kinanda, akakipanga juu ya mapigo hata mwimbaji akapata pa kuvuta pumzi na mchezaji asipoteze mguu, huyo anafanya kazi ya mpiga ngoma. Sauti ya kuimbika ataileta mwimbaji, na hapo ndipo singeli nyingi bado ni changa: maneno huchoka kabla ya miguu.