Maumivu ya Kifua na Vipimo vyake: Kutoka London ya Karne ya 18 hadi Bariadi

Maumivu ya kifua yaitwayo anjina, yaani yale yanayotokea msuli wa moyo unapohitaji damu nyingi kuliko inayoufikia, yalitambuliwa kwanza kwa kumsikiliza mgonjwa. Mwaka 1768 daktari William Heberden aliwasomea wenzake jijini London maelezo ya watu waliobanwa kifua walipotembea, hasa walipopanda mlima baada ya kula, wakapata nafuu mara waliposimama. Hakuwa na chombo cha kupimia, wala hakuyahusisha maumivu hayo na mishipa inayoulisha moyo damu.

Afrika Mashariki ugonjwa wa mishipa hiyo ulikuwa nadra kiasi kwamba daktari Hugh Trowell wa Kampala, alipochapisha pamoja na mwenzake mwaka 1956 habari za Mwafrika mmoja aliyeugua mishipa ya moyo, tukio hilo pekee lilitosha kuwa makala ya kitabibu. Unadra huo haukuwa ndoto ya madaktari wa kikoloni, lakini uliacha mazoea mabaya, kwani ugonjwa usiotarajiwa hautafutwi, na kifua kinachobana kikaendelea kuitwa kichomi au vidonda vya tumbo.

Ughaibuni, wakati huo, picha ilichukua nafasi ya maelezo ya mgonjwa. Mason Sones wa Cleveland alifanikiwa mwaka 1958 kupiga picha ya mishipa ya moyo kwa kuingiza dawa ya kung'arisha kupitia katheta, ambayo ni mrija mwembamba, na mwaka 1977 Andreas Grüntzig akaanza mjini Zurich kuitanua mishipa iliyoziba kwa kibofu kidogo kinachojazwa kimiminika. Tangu hapo mshipa ulioonekana mwembamba ulihukumiwa kwa macho, ingawa macho hayaoni kiasi cha damu kinachopita.

Dosari hiyo ndiyo waliyoishughulikia madaktari Nico Pijls na Bernard De Bruyne katika miaka ya 1990. Waya mwembamba wenye kihisio cha shinikizo hupitishwa hadi ng'ambo ya sehemu iliyobanwa, kisha mgonjwa hupewa adenosini, dawa inayofungua vishipa vidogo ili damu ipite kwa wingi wake wote. Shinikizo la ng'ambo hugawanywa kwa lile la mshipa mkuu utokao moyoni. Ikiwa mshipa mkuu una milimita 100 za zebaki na ng'ambo kuna 72, jibu ni 0.72, na kwa kuwa liko chini ya 0.80, kizuizi hicho kinaunyima moyo damu. Utafiti wa FAME, uliochapishwa mwaka 2009 ukiwa na wagonjwa 1,005, ulifichua udhaifu wa macho: kati ya mibano iliyoonekana kuwa ya asilimia 50 hadi 70, ni takriban asilimia 35 tu iliyothibitika kuzuia damu.

Wapo pia wenye anjina ya kweli ambao mishipa yao mikubwa ni mizima. Kwao hupimwa ukinzani wa vishipa vidogo, au hutiwa asetilikolini kuona kama mshipa utajikaza ghafla, hali ambayo daktari Prinzmetal aliieleza mwaka 1959. Wengi wao ni wanawake, na wengi waliwahi kurudishwa nyumbani wakiambiwa hawana ugonjwa.

Vipimo hivi vyote hudai mtambo wa katheta, na mkazi wa Bariadi, mji uliokuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012, huutafuta kwa rufaa, kwa kawaida kupitia hospitali ya Bugando, Mwanza, au hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Kabla ya safari hiyo, kipimo cha umeme wa moyo kinaweza kutoka safi kabisa mgonjwa akiwa amepumzika, hata kama mshipa wake umebanwa. Kwa hiyo nani apewe barua ya rufaa huamuliwa zaidi na majibu yake mwenyewe: maumivu yako wapi kifuani, je, huletwa na kazi kama kulima au kubeba mzigo, na je, huisha ndani ya dakika chache akipumzika.