Vita vya Burma na Askari Wetu

Historia ya taifa si yale tu ambayo taifa liliyaamua lenyewe. Yamo pia yale ambayo wana wake waliyatenda chini ya amri ya wengine. Mojawapo ni safari ya askari wa Tanganyika kwenda Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Je, vita vile vilikuwa vyetu? Tusijibu kabla ya kutazama mambo yalivyokuwa.

Uingereza ilipoingia vitani mwaka 1939, Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wake, na wananchi hawakuulizwa shauri. Hata hivyo, zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini kabla ya vita kwisha. Wengine walijiandikisha kwa hiari. Wengine walichukuliwa kwa amri. Mwaka 1943 iliundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikapelekwa Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, kujifunza vita vya msituni. Ndani yake batalioni za 26 na 36 za Keya, yaani KAR, zilikuwa za Tanganyika. Vikosi vingine vilitoka Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mauti yaliwakuta wengine hata kabla ya kufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Waliofika waliwekwa katika Jeshi la Kumi na Nne, chini ya Jenerali William Slim. Humo walikuwamo Waingereza, Wahindi, Wagurkha wa Nepal na Waafrika wa Magharibi. Toka Agosti 1944, katikati ya masika, divisheni yetu iliwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw, mahali penye sifa mbaya ya malaria. Njia ziligeuka tope, na chakula kikawa kinadondoshwa kwa ndege. Mwanzoni mwa Desemba waliingia Kalewa, na juu ya mto Chindwin likajengwa daraja la chuma lenye urefu wa mita 350 hivi, ambalo jeshi kubwa lilipitia kwenda kuikomboa Burma.

Katika vikosi vingi vya Keya lugha ya amri ilikuwa Kiswahili. Msukuma, Mhehe, Myao na Mnyamwezi walilala hema moja, wakapeana habari, wakataniana na kuzikana kwa lugha hiyo. Hakikuwa Kiswahili cha washairi, lakini kiliwafanya wajione watu wa nchi moja wakiwa mbali na nchi yao.

Wahenga husema mcheza kwao hutunzwa. Hawa walicheza ugenini, na tuzo yao ilipimwa kwa rangi: malipo ya kuagwa jeshini ya Mwafrika yalikuwa madogo kuliko ya Mzungu wa cheo kile kile. Shaaban Robert aliuita utenzi wake, uliochapishwa mwaka 1967, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Jina hilo latufikirisha. Mtu aliyetumwa kukomboa nchi ya mwenzake alirudi kwake akaikuta yake ingali inatawaliwa. Si ajabu kwamba Abdulwahid Sykes na nduguye Ally, waliokwenda Burma, walikuwa baadaye miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954.

Basi jibu letu ni hili: shauri la vita halikuwa letu, bali watu walikuwa wetu. Kuwasahau kwa kuwa walivaa sare ya mkoloni ni kuwadhulumu mara ya pili. Makaburi ya askari wa Keya yapo Taukkyan, karibu na Yangon, lakini habari zao zimo majumbani mwetu: katika nishani, barua, picha na masimulizi waliyoachiwa watoto na wajukuu. Walimu na wanafunzi hawana budi kuzikusanya na kuziandika sasa, maana waliokwenda wenyewe karibu wote wamekwisha tutoka.