Mbwa Msasi na Kibali: Historia Fupi kutoka Kigali

Ryangombe, mkuu wa mizimu katika ibada ya kubandwa, hakufa vitani. Mama yake alimkataza asiende kuwinda siku ile. Hakusikia, akatoka na mbwa wake, nyati akampiga pembe, akakata roho penye mti wa umuko. Wanyarwanda wengi waliisikia hadithi hii utotoni. Ninaanza nayo kwa sababu inaonyesha cheo cha usasi katika nchi hii: huyo aliyetambikiwa na wakubwa na wadogo alikuwa msasi, mwenye mikuki na mbwa, na wala hakuomba ruhusa ya mtu.

Wasasi wa kawaida walikuwa na wa kumwogopa. Katika milki ya mwami, yaani mfalme, Watwa ndio waliosifika kwa kuijua misitu, nao walipeleka ngozi na pembe za ndovu kwenye makao yake. Ngozi ya chui ilikuwa vazi la wakubwa. Chui akizoea zizi, watu walitoka na mikuki, mbwa wakitangulia. Mbwa wenyewe walikuwa wadogo, wepesi, masikio wima, wa jamii ile ya ukanda wa Kongo ambayo haibweki sana. Mbwa asiyebweka akizama kwenye majani marefu humjui aliko, kwa hiyo alivishwa kengele shingoni. Msasi aliufuata mlio wa kengele ukienda mbio, ukisimama, ukizunguka mahali pamoja, akajua mnyama yuko wapi na anafanya nini.

Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt aliweka makao yake juu ya kilima cha Nyarugenge, na mji wa Kigali ukaanzia hapo. Askari na wafanyabiashara waliotoka pwani na Tabora walikuja na Kiswahili na Uislamu. Mtaa wa Biryogo ni ukumbusho wao. Mbwa hakuwa kipenzi chao, maana mate yake ni najisi. Hata hivyo sheria ya dini inamtofautisha mbwa aliyefunzwa kuwinda, na windo alilolikamata kwa jina la Mungu ni halali. Katika mambo ya mbwa, msasi amewekewa mlango wake karibu kila mahali.

Wakati huohuo, upande wa Kenya, yalitokea mambo yanayoungana moja kwa moja na usasi wa puma, paka mkubwa wa mwituni wa Marekani. Mwaka 1910 alifika mzee aliyeitwa Buffalo Jones, aliyekuwa amekamata puma kwa mbwa na kamba huko Arizona, akaja na mbwa na wapanda farasi wake kuwatia kitanzi simba na vifaru. Mwaka uliofuata tajiri Paul Rainey akaleta kundi zima la mbwa kutoka Mississippi, waliozoea kuwinda dubu. Hao walikuwa mbwa wa sauti. Kazi yao ni kunusa nyayo, kumkimbiza mnyama huku wakilia, kisha kumzingira wakipiga kelele mpaka mwenye bunduki afike.

Puma humrahisishia kazi mbwa wa namna hiyo. Akichoka anapanda mti, anakaa juu akitazama, na mwindaji anapata muda wa kuamua: ampige, amwache, au amdunge sindano ya usingizi. Chui naye hupanda. Simba mzima hapandi ovyo. Anageuka, anasimama, na mbwa wa mbele ndiye anayelipa. J. A. Hunter aliliona hilo katika miaka ya 1920, alipotumwa na Idara ya Wanyama ya Kenya kupunguza simba waliokuwa wakila ng'ombe wa Wamasai. Alikusanya mbwa waliokamatwa wakizurura Nairobi, akaenda nao porini, na katika miezi mitatu aliua simba 88 na chui 10. Mbwa wengi walikufa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mbwa kwa kibali cha serikali, ingawa aliyetoa kibali alikaa Nairobi.

Kwetu Rwanda, Wabelgiji waliowapokea Wajerumani utawala walifuata njia nyingine. Walitenga hifadhi: Albert mwaka 1925 kwenye milima ya volkano, na Akagera mwaka 1934 mashariki. Kuanzia hapo palikuwa na mistari miwili. Mzungu mwenye leseni alikuwa mwindaji. Mtwa mwenye mbwa na mkuki katika msitu wa babu zake alikuwa jangili. Kosa lilikuwa ni kukosa karatasi, na karatasi hakupewa.

Baada ya uhuru serikali ilirithi mistari hiyo pamoja na taabu zake. Bugesera, kusini kidogo ya Kigali, ilijaa wakulima, na tembo waliobaki wakawa adui wa mashamba. Mwaka 1975 uamuzi ulikatwa: tembo wakubwa, zaidi ya 100, wakapigwa risasi, na watoto 26 wakahamishiwa Akagera. Safari hii mbwa hawakuhusika. Helikopta ndiyo iliyowaswaga. Mmoja wa watoto hao, Mutware, alikua akawa dume maarufu kwa kugeuza magari ya watalii, na alikufa mwaka 2018. Yatima wa operesheni ya kuondoa wasumbufu akawa msumbufu mwenyewe kwa miaka mingi.

Kwenye volkano mbwa waliendelea kuwinda bila kibali, wakifukuza pongo na nsya. Tarehe 31 Desemba 1977 majangili sita na mbwa wao walikutana na kundi la sokwe ambalo mtafiti Dian Fossey alikuwa akilichunguza. Dume aliyeitwa Digit alisimama kuwakinga wenzake wakimbie. Aliua mbwa mmoja kabla ya mikuki kummaliza. Kifo chake kilipotangazwa duniani, fedha za kulinda sokwe zilianza kumiminika.

Kisha 1994. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mbwa wa Kigali walikula maiti, na askari wa jeshi la waasi la RPF waliwapiga risasi kila walipowaona; wanajeshi wa Umoja wa Mataifa pia waliwaua. Kwa miaka mingi baadaye ulikuwa mji usio na mbweko. Mtu aliyeona yale hahitaji kuelezwa kwa nini jirani yake hataki mbwa uani.

Wakimbizi waliorudi na ng'ombe wao walihitaji malisho, na mwaka 1997 Akagera ilikatwa ikabaki na chini ya nusu ya eneo lake. Eneo la uwindaji wa leseni la Mutara lilifutwa kabisa. Simba walikula ng'ombe, wafugaji wakatia sumu mizoga, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 hakukuwa na simba hata mmoja. Sumu haihitaji mbwa, kibali wala ujasiri, na haichagui: fisi na tai wanakufa pamoja na mwenye kosa. Ukiniuliza mimi, Hunter na mbwa wake wa mitaani walikuwa na adabu zaidi, maana angalau walimfuata yule aliyeacha nyayo zizini.

Mwaka 2010 Akagera iliwekwa chini ya ubia wa Bodi ya Maendeleo ya Rwanda na shirika la African Parks. Uzio wa kilomita 120 ulikamilika mwaka 2013, na mwaka 2015 simba saba waliletwa kutoka Afrika Kusini. Na mbwa wakarudi, ila upande wa pili. Akagera ina kikosi cha mbwa wanaofunzwa kufuata harufu ya binadamu. Anayefuatwa sasa ni mtu aliyeingia usiku na nyaya za mitego, mara nyingine akiwa na mbwa wake wa kienyeji. Mbwa mmoja ananusa kwa ajili ya chungu cha nyumbani, mwingine kwa ajili ya serikali, juu ya nyayo zilezile.

Marekani nayo haijamaliza shauri hili. Wapiga kura wa jimbo la Oregon mwaka 1994 na wa jimbo la Washington mwaka 1996 waliwapiga marufuku wawindaji wa starehe kuwinda puma kwa mbwa, lakini maofisa wanaendelea kuwatumia mbwa haohao puma akiua mifugo. Rwanda imechagua daftari la fidia. Sheria ya 2011 iliweka fidia kwa anayeumizwa au kuharibiwa mali na mnyama wa hifadhi, na asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi ikapangiwa mfuko wa fidia hiyo.

Daftari hilo linataka kujua kwanza ni mnyama gani. Wafugaji wanaopakana na msitu wa Gishwati wamelalamika kwa miaka kuhusu ndama wanaokutwa asubuhi wameraruliwa, na miongoni mwa wanaoshukiwa ni mbwa walioasi nyumba wakaishi msituni. Ikithibitika ni mbwa, swali la kwanza la ofisi litakuwa ni nani aliyemfuga.